Jiwe la Baba Lililoko Lyon

Erfud, 11 Januari 2014

Kwa mdogo wangu Yidir,

Jiwe la Baba lilitoka nyumbani tarehe 14 Machi 2009, baada ya arubaini yake, ndani ya soksi yako ya sufu, likiwa na gramu 173. Ulisema mwaka mmoja. Halijarudi.

Sasa salamu. Hatujambo, alhamdulillahi. Baridi ya mwaka huu ni ya kavukavu, inapasua midomo. Mama anakusalimu, na anamsalimu mwanao na mama yake. Karakana inakwenda. Msumeno wa tatu umefika, na tunakata meza kumi na mbili za marumaru nyeusi yenye visukuku kwa hoteli moja ya Fez. Vumbi lake linaingia mpaka kwenye mkate. Ukiniona leo utadhani nimezeeka nywele, kumbe nimetoka kazini tu.

Unajua kwa nini naandika na sipigi. Tangu tulipopigizana kelele kwenye simu Sikukuu ya Kuchinja, Mama amepiga marufuku. "Mkishika simu mnabweka kama mbwa wa mahema mawili," alisema. "Andikeni. Mtu akiandika hukaa chini kwanza." Basi nimekaa chini.

Jambo lenyewe ni macho ya Mama. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kufunga. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la pazia. Daktari wa Rashidia anataka kulipasua mwaka huu, na hakuahidi kitu. Mama hakulia. Tukiwa kwenye gari la kurudi aliniuliza, "Lile jiwe la baba yenu limefika wapi?" Nikasema liko kwa Yidir. Akasema, "Nataka kuliona kabla." Hakusema kabla ya nini.

Wewe hukuwepo lilipookotwa. Ulikuwa bweni Rissani ukijifunza hesabu, na mimi nilikuwa Taghrut na Baba, na kiriba mgongoni, mwaka ule wa ukame ambapo mbuzi walikula kamba za hema. Tulitoka alfajiri. Unamjua alivyotembea, jua nyuma yake, macho hatua kumi mbele, hasemi. Ile hamada, lile jangwa tambarare, yote ni mawe, lakini yeye alilisogeza moja kwa ncha ya fimbo, akainama, akalirusha mkononi mara mbili. "Tuda, hili ni zito kuliko ukubwa wake," alisema. "Na ngozi yake imeungua. Hili si la hapa." Akanipa nilibebe. Lilikuwa na joto la jua, jeusi na linang'aa kama limepakwa mafuta. Nililibeba tumboni, ndani ya shuka, mpaka hemani, na Mama akasema, "Baba mtu amekwenda kutafuta kuni, amerudi na jiwe." Wote tulicheka.

Taghrut hakuna hema hata moja sasa. Ngamia tuliuza, hema limeliwa na nondo. Kilichobaki cha siku zile ni hilo jiwe.

Lirudishe. Linahitajika.

Dada yako,
Tuda


Lyon, 20 Februari 2014

Kwa Lalla Tuda, dada yangu mkubwa,

Nakubusu kichwa, na mikono ya Mama. Barua yako imenikuta na mafua. Huku theluji imeanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Tamu amepoteza jino la mbele na anapiga mluzi akisema. Ameniuliza kama bibi yake naye ana pengo, nikasema wakikutana watahesabiana.

Habari ya macho imenikata maini. Mwambie Mama asiache matone hata siku moja.

Jiwe liko salama. Linakaa kwenye kabati la chuma lisiloingia unyevu, na wenye ufunguo ni mimi na mtu mwingine mmoja. Uchunguzi unaendelea.

Mama aliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa, nikashindwa kumjibu. Msomee hapa. Kuna sayari nne za mawe, na Mwezi ni wa tano kama ukitaka kumhesabu. Fikiri ni mahema. Zuhura, ile nyota ya asubuhi ambayo Mama aliamkia kukamua, ni hema lililofunikwa mablanketi juu ya mablanketi, na moto ndani, na mlango umeshonwa. Hewa yake ni nzito mara tisini ya hii tunayovuta, na joto lake linayeyusha risasi. Utaridi iko jirani na jua na haina hema. Mwezi nao hauna. Ndiyo maana nyayo za watu waliokwenda kule bado zipo mpaka leo, hakuna upepo wa kuzifuta. Dunia ina hema linalopumua, unaweza kuinua upande ukishikwa na joto. Na Mirihi, ile nyekundu, ilikuwa na hema. Kulikuwa na mito. Mabonde yake ukiyaona kwenye picha utaapa ni bonde la Ziz lililokauka. Kisha hema likachanika, hewa ikavuja kidogo kidogo ikapotea angani, ikabaki chini ya sehemu moja katika mia ya hewa ya kwetu. Jiwe la Baba lilitoka huko. Kitu kikubwa kiliigonga Mirihi, kikarusha vipande, na kimoja kikazunguka angani miaka na miaka mpaka kikaangukia Taghrut.

Kazi yangu ni kuuliza hema lilichanika lini, na kwa nini.

Nawakumbuka sana. Hapa kuna duka la Mturuki linalouza tende, lakini zina ladha ya karatasi.

Wako,
Yidir


Erfud, 9 Machi 2014

Mdogo wangu Yidir,

Wa alaikum salaam. Mwanao mpe pole ya jino. Mafua yako nayo yameisha, natumaini. Mama anaweka matone kama alivyoambiwa, na analalamika kila tone. Meza za Fez zimeondoka juzi, moja ilivunjika njiani, na dereva akaapa ilikuwa imevunjika toka zamani za visukuku vyenyewe.

Barua nilimsomea Mama na chai. Kwenye Zuhura alisema, "Astaghfirullah, nani ataishi humo?" Kwenye Mirihi alininyamazisha kwa mkono. Kisha akasema, "Muulize, hiyo mito ilipokuwepo, kulikuwa na nyasi?" Nikamwambia Mama, hakukuwa na mtu wala mnyama. "Sikuuliza mnyama," akasema, "nimeuliza nyasi. Nyasi zikiwepo wanyama watafuata wenyewe." Basi mjibu. Amekaa na swali hilo wiki nzima.

Mimi umenijibu nini? Umenipa Zuhura, umenipa Mwezi, umenipa Utaridi. Sikukuuliza Zuhura. Nilikuuliza jiwe, ukasema "uchunguzi unaendelea." Hilo ni neno la mtu wa ofisini akitaka uondoke dirishani. Mimi nimekaa kwenye madirisha hayo, Yidir, kabla sijapata msumeno wangu wa kwanza, na nalijua.

Najua pia kwamba kila msumeno ukipita, unakula. Jiwe ukilikata vipande vinne hupati vipande vinne kamili, sehemu nzuri inakuwa tope sakafuni. Nanyi mnakata. Na wauzaji wa hapa Erfud wamenieleza kwamba jiwe likipewa jina huko kwenu, kinachotakiwa kubaki kwenye hifadhi ni gramu ishirini tu. Mimi nilikupa 173. Basi usinifundishe mahema, nilizaliwa ndani ya moja. Nipe gramu. Zimebaki ngapi, ziko wapi, na zilizokwenda zilikwendea nini.

Leo ni Machi. Keshokutwa ingekuwa tayari tumechomoa vigingi kufuata manyasi ya kaskazini, wewe umekaa juu ya mizigo, unatapika kwa mwendo wa ngamia, na Baba anakwambia, "Shikilia, bwana daktari." Alikuita daktari kabla hujajua kufunga kanda za viatu. Hata mimi nilikuita hivyo. Sijui kama unakumbuka.

Gramu, tafadhali.

Tuda


Lyon, 27 Aprili 2014

Lalla Tuda,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara tatu. Sisi wazima. Miti imechanua, Tamu anapiga chafya kutwa.

Nakumbuka "bwana daktari." Nakumbuka pia ulinifunga kamba kiunoni nisianguke, na ncha yake ulijifunga wewe.

Mwambie Mama, kuhusu nyasi: hatujaziona dalili, na labda hazikuwepo. Lakini aliyeuliza ameuliza swali ambalo vyombo vya gharama kubwa vimetumwa kulitafutia jibu.

Gramu. Ishirini ziko kwenye hifadhi, hazitatoka tena, ndiyo kanuni. Thelathini na tatu zimekwenda. Sehemu ni hilo tope lako, sehemu ni vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu vya kutazamia kwenye hadubini, na sehemu tulizipasha moto mpaka zikaachia hewa iliyokuwa imefungwa ndani. Lalla, ile hewa. Kwenye jiwe kuna vitone vya kioo cheusi vilivyoyeyuka siku lilipogongwa, na kila kitone kilimeza hewa ya Mirihi kama mtu anayezama anavyomeza pumzi. Tulipoipima, ililingana na ile ambayo chombo kilichotua kule mwaka 1976 kiliinusa papo hapo. Ndivyo tunavyojua kwa hakika jiwe ni la wapi. Siku ile nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kumpigia Baba.

Zimebaki 120, kipande kimoja.

Sasa nikueleze nililokuwa silisemi. Nililichukua jiwe hili kwa sababu moja. Ni la kale mno. Jiwe likiwa linapoa kutoka kwenye moto, chembe zake za chuma hugeuka kufuata sumaku ya sayari, kama mbuzi wanapolala wote wameupa upepo mgongo. Halafu jiwe linaganda, nao wanabaki hivyohivyo milele. Ukija baadaye, upepo umekwisha zamani, lakini ukiwaona walivyolala unajua ulivumia wapi na kwa nguvu gani. Mirihi ilikuwa na sumaku yake, na wengi tunaamini ndiyo iliyolinda hema. Ikazimika. Lini? Jiwe la Baba lingeweza kusema. Nilisubiri mwaka na nusu zamu yangu ya chombo cha kupimia sumaku hiyo.

Halikusema kitu. Mbuzi wote wamegeuzwa upande mmoja, na si upande wa Mirihi. Mtu aliliwekea sumaku yenye nguvu, tena kwa muda mrefu. Kumbukumbu yote ya kale imefutika.

Wawindaji wote wa vimondo hufanya hivyo, hufunga sumaku kwenye fimbo. Simlaumu mtu. Marehemu hakujua. Nilinyamaza miaka hii yote kwa sababu sikutaka lisemwe nyumbani juu yake.

Limebaki jambo moja. Ndani ya zile gramu 120 huenda kuna punje ndogo sana, ngumu, zinazohifadhi umri na dalili za maji. Kuzipata, jiwe lazima lisagwe lote. Kamati ya hapa kazini itakaa Septemba kuamua. Jiwe limeandikwa kwa jina lako kama mwenye mali, kwa hiyo inatakiwa sahihi yako. Nimeambatisha karatasi.

Usinijibu ukiwa na hasira.

Yidir


Erfud, 2 Agosti 2014

Yidir,

Ulisema nisijibu na hasira. Nimengoja mpaka Ramadhani imeisha na sikukuu imepita, na bado ninayo, basi ichukue hivyo ilivyo.

Salamu kwanza. Tumefunga salama. Joto lilifika 46, wafanyakazi nikawa nawaruhusu saa nne asubuhi. Mama alifunga yote, daktari amemkataza na yeye akasema daktari atakufa peke yake na atazikwa peke yake. Upasuaji wa jicho umepangwa Alhamisi, tarehe 25 Septemba. Tundu la pazia limekuwa dogo zaidi. Sasa akitaka kunitazama hugeuza kichwa chote, kama ndege.

Umeandika, "Marehemu hakujua." Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama karakanani, nikakaa juu ya jiwe lililokuwa likingoja msumeno.

Baba hakuwa na sumaku. Miaka yote niliyotembea naye, hakuwa nayo. Wengine walikuja na fimbo zao za sumaku, wanagonga kila jiwe kama wauza mitungi, naye akawacheka. "Hawa wanaomba jiwe liwafuate," alisema. "Mimi nalifuata mwenyewe." Alitumia kiganja na jicho. Akiwa na wasiwasi, alilamba.

Mwaka 2003 alikuja yule Hmad wa Merzuga aliyefanya kazi huko kwenu, na kifurushi chako. Ndani kulikuwa na blanketi la Mama, miwani ya jua yangu ambayo sikuivaa, na sumaku. Ndogo, bapa, inang'aa, uliitoa kwenye kompyuta iliyoharibika. Na karatasi. Nilimsomea mimi: "Baba, hii ina nguvu mara nyingi kuliko za sokoni. Italishika hata jiwe lenye chuma kidogo. Ijaribu kwenye lile la Taghrut." Hayo ni maneno yako.

Mzee aliigeuzageuza. Nikamwambia, "Si unawacheka wenye sumaku?" Akaniambia, "Nyamaza wewe, hii imetoka kwa daktari." Akaileta karibu na jiwe, ikaruka mkononi mwake, tak, ikashika. Alicheka mpaka akakohoa. Akaita majirani. Kila aliyekuja kunywa chai alioneshwa: jiwe la Baba, sumaku ya mwana, namna zinavyopendana. Kisha akavifunga pamoja kwenye kipande cha kilemba chake, akavitia ndani ya kopo la chai. "Hiki changu, hiki cha Yidir," alisema. "Vikae pamoja mpaka aje."

Vilikaa pamoja toka 2003 mpaka ulipokuja kumzika.

Ulipotaka jiwe nilivitenganisha mimi, kwa nguvu, kucha ikanivunjika. Nikakupa jiwe. Sumaku ilibaki, Mama anaitumia kuokotea sindano zikimwangukia akifuma. Hakuna aliyetuambia kwamba vikikaa pamoja kimoja kinamfuta mwenzake. Wewe mwenyewe wakati ule hukujua, ungejua usingeituma. Sikuandiki haya nikudai kitu. Lakini umekaa miaka ukimbebesha mtu aliyelala kaburini kosa ambalo si lake, ukaliita kumlinda. Hilo lilinichoma, nami sikuweza kulimeza.

Karatasi yako sijaitia sahihi. Jiwe nalitaka hapa kabla ya tarehe 25.

Tuda


Lyon, 23 Agosti 2014

Lalla Tuda,

Salamu kwako na kwa Mama. Tumetoka likizo, mvua tupu. Tamu ameota jino jipya. Tende za mwaka huu zimeshikaje? Nimesikia bonde limepata maji mwezi wa tano.

Nimeandika tarehe ya upasuaji ukutani. Muulize daktari kama atatumia dawa ya kulaza au ya ganzi tu, Mama hawezi kulala chali muda mrefu.

Kamati imenitaka niseme mwenyewe ninapendekeza nini juu ya zile gramu 120. Sijasema. Nikifungua kabati nalitazama, nafunga.

Mwaka huu sitaweza kuja. Kazi ni nyingi, na muhula unaanza. Lakini naweza kulituma kwa posta yenye bima, lifike wiki ya tatu ya Septemba. Ninaomba liangaliwe kisha lirudishwe kwa njia hiyohiyo, na karatasi ikiwa na sahihi.

Je, Baba alisema lolote jingine kuhusu jiwe? Lolote.

Yidir


Erfud, 8 Septemba 2014

Kwa mdogo wangu Yidir,

Salamu. Sisi wazima. Tende zimeshika vizuri, matawi yamefungwa tayari, wiki nne tunavuna. Daktari anasema ganzi tu. Mama amemwambia atamtazama usoni muda wote, ajue anayempasua ana adabu au hana.

Barua yako haina neno moja kuhusu sumaku. Sawa. Sikudai useme.

Umeuliza Baba alisema nini jingine. Alikuwa akilitoa jioni kabla ya chai, siku ambazo barua yako imechelewa. Hakuliombea dua, hakulibusu, usifikiri tulikuwa na mzee wa hivyo. Alilipima mkononi tu, kama mtu anayepima nyama sokoni. Mara moja alisema, "Limetoka mbali, na limefika." Mara nyingine alisema alitaka kulivunja kona aone ndani, kwa sababu kila jiwe alilookota maishani alilivunja kona, na hili peke yake ndilo aliloliacha zima. Nikamuuliza kwa nini. "Nimemwachia daktari alivunje," alisema.

Kwa hiyo hilo la kusaga limekwisha kwa upande wangu. Nimelifikiria kwa hesabu na nimelifikiria kwa moyo, na yote mawili yananipeleka mahali pamoja. Nikiliweka kabatini litakuwa gramu 120 za kitu cheusi, na wajukuu watalitumia kuzuia mlango. Ukilisaga, huenda likasema jambo. Hata likisema dogo. Mama naye anataka jibu la nyasi zake.

Nilimsomea Mama habari ya posta na bima. Alikuwa anachambua dengu kwa vidole, haoni tena ipi ni kokoto. Aliacha kuchambua.

"Posta?" akasema.

"Yenye bima, Mama. Likipotea wanalipa."

"Wanalipa nini? Mirihi nyingine?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mwambie mimi si duka la viatu, nitumiwe kifurushi nijaribu kisha nirudishe. Baba yake alingoja aje mpaka akachoka kungoja. Mimi jicho langu limebaki na wiki mbili. Nataka kuliona jiwe, na nataka kuona mkono ulioshika." Kisha akaendelea na dengu zake.

Basi sikiliza jinsi mambo yalivyo, nakwambia kama ninavyowaambia wateja, bila kuzunguka. Karatasi yako nimeitia sahihi jana, mbele ya karani wa baladia, ofisi ya mji, na muhuri. Ninyi wa kamati hamtakosa chochote. Lakini sikuiweka kwenye bahasha hii. Nimempa Mama, ameikunja mara nne, ameiweka kifuani mwake ndani ya nguo, na amesema ataitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mkono wako. Posta haitaipata. Mimi mwenyewe siwezi kuichukua, na unanijua, si mtu wa kushindwa kirahisi.

Ndege ya Lyon inakuleta Fez, na basi la jioni kutoka Fez linafika Erfud asubuhi. Nimeuliza. Kitanda kipo, Tamu umlete kama shule inaruhusu, bibi yake amebakiwa na meno saba ya kuhesabiana. Ukija, utakaa naye mchana mmoja, atalishika jiwe, atalisogeza karibu na lile tundu la pazia alilobakiwa nalo, atakuuliza maswali yake ya nyasi, utamjibu. Alhamisi utakaa nami nje ya mlango wa daktari. Ijumaa rudi na jiwe lako na karatasi yako, ulisage, sitakutajia gramu tena maisha yangu yote.

Usiniambie muhula. Nimeendesha karakana miaka kumi na moja na najua kazi ni nyingi siku zote. Usiniambie "inshallah nitajaribu," hiyo nayo naijua. Kinachokuzuia si muhula, nami sitakitaja kwa jina, kwa sababu kikitajwa utazidi kukaa huko. Nitasema hili tu: hakuna mtu hapa anayekungoja na shutuma. Kuna mwanamke mmoja anayegeuza kichwa chote ili aone nusu ya uso.

Jibu moja ninalotaka. Utakuja nalo wewe mwenyewe, au hutakuja? Ndiyo au hapana, neno lenyewe, kwa ujumbe wa simu, maana huko nako ni kuandika, liwe limenifikia kabla ya adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 20 Septemba.

Dada yako,
Tuda